Karani mwenye kaunta buku ndiye sistimu yenu

Swali: Habari mwalimu. Mimi ni naibu msajili upande wa utawala, chuo cha kanisa hapa Kisumu. Tulianza na kampasi moja na wanafunzi kama mia tisa, saa hii tuko na kampasi tatu, Kisumu, Siaya na Busia, na wanafunzi wamepita elfu sita. Kila kitu bado ni faili na Excel. Kliarensi, ile fomu ya mwanafunzi anayeondoka kuonyesha hadaiwi, inachukua wiki mbili, wazazi wanalipa karo na haionekani, kila kampasi ina rejista yake. Bodi imekubali tununue sistimu moja kubwa ya kufanya kila kitu na kampuni tatu zimeshakuja kutuonyesha zao. Makarani wamekasirika, wanasema wanafutwa. Tuanze wapi, na tununue ya nani?

Jibu: Madam, nianze na hilo la mwisho juu ndilo fupi. Msinunue ya mtu yeyote kabla huu muhula haujaisha. Si ati hizo kampuni ni za wakora, sizijui, na pengine moja wapo ndio itakuwa yenu mwishowe, lakini vile mko saa hii hamna njia ya kujua ipi inawafaa. Wakija kuonyesha wanatumia mwanafunzi wa kutungwa: ana kozi moja, amelipa mara moja kutoka kwa simu ya baba yake, na namba imeandikwa sawa. Huyo hata Excel inammudu. Wenye wanawamaliza ni wale wengine, na hao kampuni haiwajui, bodi haiwajui, na hata wewe hapo ofisini nadhani unawajua nusu. Anayewajua wote ni karani.

Kila taasisi iliyokua haraka iko na mtu kama huyo, mara nyingi ni mama aliyeajiriwa zamani wakati ofisi yote ilikuwa chumba kimoja, na ana kaunta buku yake amefunika na karatasi ya kalenda ya mwaka uliopita. Nilikaa na mmoja hivyo kwa chuo fulani huku Nyanza, akanifungulia ukurasa wa basari. Cheki ya CDF, ule mfuko wa maendeleo wa eneo bunge, inakuja moja, imeandikiwa chuo, na imeambatanishwa na karatasi ya majina arobaini na kitu, kila jina na elfu tano yake ama elfu kumi. Namba ya usajili hakuna. Kuna Achieng Mary, kuna Mary Achieng, kuna Mary A. Otieno, na hapo chuoni wako wanne wenye kila mmoja anaweza kuwa huyo. Basi yeye anapigia ofisi ya CDF, anauliza huyu Mary ni wa wadi gani, anaenda kwa faili anatafuta barua ya chifu, akimpata anaweka tiki nyekundu, asipompata anaandika "subiri" na kalamu ya risasi halafu anatuma mtu amwite aje na kopi ya kitambulisho. Pembeni kwa maandishi madogo ameandika kwamba wawili walihamia kampasi ingine na pesa yao ifuate huko.

Sasa hapo kuna kitu watu hawaoni. Siku ya mtihani ikifika na yule wa "subiri" bado hajapatikana, nani anaamua kama ataingia chumba cha mtihani? Kwa karatasi, sheria inasema asiyemaliza karo haingii. Lakini ukweli ni karani anamwandikia kijikaratasi, anasaini, mlinzi anamruhusu, na basari ikikubali mambo yanaisha kimya kimya. Huo ni uamuzi wa chuo, unafanywa mara mia kwa muhula na mtu ambaye hakuna barua iliyompa hayo mamlaka. Ukileta kompyuta, inauliza ndio ama hapana. Mkiwa hamjakubaliana nani anajibu, basi ama wanafunzi wa basari wote wanafungiwa nje siku ya kwanza ya mtihani na wazazi wanajaa getini, ama kila mtu anapewa uwezo wa kubonyeza "ruhusu" na mnarudi kwa kijikaratasi, saa hii tu ni cha bei ghali.

Kwa hivyo kazi ya kwanza ni hii. Chukua mtu mmoja wa ofisi yako, mwenye heshima, asiwe yule kijana wa kompyuta mwenye haraka, akae na makarani wa kampasi zote tatu kwa wiki mbili tatu. Asiulize "unafanya kazi gani", juu watamsomea barua ya ajira. Aulize "ni nini huwa kinaharibika, na kikiharibika unafanyaje". Aandike kila jibu na mbele yake aweke jina la cheo kinachopaswa kuamua. Alipa kwa akaunti ya ndugu yake, nani ahamishe. Jina la cheti cha KCSE, ule mtihani wa mwisho wa sekondari, na la kitambulisho hazifanani, nani akubali. Aliacha shule muhula mmoja akarudi, anadaiwa karo ipi. Utapata kama mambo sitini hivi, na mengi utashangaa hayana mwenyewe. Hiyo list ipelekwe kwa mkuu wa chuo, isainiwe, na hapo ndio mtakuwa na kitu cha kupatia kampuni: hii hapa list ya CDF ya muhula uliopita, majina tumebadilisha, ingizeni kwa sistimu yenu mbele ya karani wetu tuone. Ambaye atasema hiyo tutaiweka baadaye, andika jina lake chini kabisa.

Na huyo karani awe kwa kamati, si kama mgeni, saini yake iwe moja wapo ya zile za kukubali sistimu imefika. Nimeona hasira ikipoa kwa hilo pekee kuliko kwa semina yoyote ya hoteli. Kuhusu kufutwa, msiwadanganye. Kama bodi iko tayari kuandika kwamba hakuna atakayepoteza kazi kwa sababu ya sistimu kwa miaka miwili, iandike na ibandikwe ukutani. Kama haiko tayari nyamazeni, juu ahadi ya mdomo ikivunjwa na mtu mmoja tu akafutwa hamtapata data safi tena kutoka kwa mtu. Halafu kuna hasira ya aina ingine, ya wale wanaokula kwa foleni. Unawajua. Transkripti inachukua mwezi, lakini ukiwa na mia tano inatoka Ijumaa. Hao usiwaweke kwa kamati, na usishangae wakiwa ndio wanapiga kelele zaidi kwamba wazee wa chuo hawatazoea kompyuta.

Sasa karo haionekani. Hii kwa sehemu kubwa ni shida ya namba, na unaweza kuimaliza hata kabla ya kununua kitu. Najua vyuo vingi namba ya usajili ni herufi za kozi, mkwaju (/), tarakimu, mkwaju, mwaka. Mzazi kule Ugenya na kabambe yake, simu ndogo ya vibonyezo, anaingia M-Pesa, anafika kwa namba ya akaunti, mkwaju hauoni, anaandika jina la mtoto ama anaandika "karo". Pesa imeingia kwa chuo lakini haina mwenyewe. Tena mwanafunzi akibadilisha kozi namba inabadilika, akihamia Busia inabadilika, mtu mmoja anakuwa watu watatu. Wapeni namba mpya, tarakimu tupu, isiyobeba maana yoyote, kampasi zote tatu zitoe kwa mfululizo mmoja, na mtu asibadilishiwe mpaka aondoke. Tarakimu ya mwisho iwe ya kuhakiki, inapigwa hesabu kutoka kwa zile zingine. Njia inayojulikana zaidi ni ya Hans Peter Luhn wa IBM, hataza yake ilitoka 1960 na ndiyo iko kwa kadi za benki mpaka leo. Inanasa kosa lolote la tarakimu moja, na pia zile jirani mbili mtu akizigeuza, isipokuwa 09 na 90. Mwanafunzi wako wa kompyuta wa mwaka wa pili anaweza kuiandika kwa jioni moja.

Halafu Paybill, ile namba ya chuo ya kupokea malipo ya M-Pesa. Watu wengi hawajui kwamba Safaricom wana kitu cha kuuliza sistimu yenu kabla ya kupokea pesa: mzazi akiweka namba ambayo haipo, malipo yanakataliwa na pesa haitoki kwake. Haiji yenyewe, lazima muiombe iwashwe. Na mnachagua kabla, sistimu yenu ikiwa imelala usiku pesa iingie tu ama irudi. Ningesema iingie, juu mzazi aliyeuza mahindi akarudishiwa pesa usiku, asubuhi pengine hiyo pesa iko na kazi ingine. Hizo chache zitakazoingia bila mwenyewe mtu azitafute kila asubuhi, kila asubuhi kabisa, si mwisho wa mwezi.

Kliarensi ya wiki mbili nayo haihitaji kompyuta hata moja, na nakuomba uanze nayo juu ndio itawapa watu imani. Chukua hiyo fomu, hesabu saini. Zikiwa tisa ama kumi sitashangaa: maktaba, hosteli, michezo, maabara, idara, fedha, mlezi wa wanafunzi, na kadhalika. Nenda kwa kila anayesaini umuulize mara ya mwisho alikataa kusaini ni lini, na alikataa kwa nini. Wengi watakuambia hawakumbuki, wao huangalia tu kama wenzao wamesaini. Hapo mwanafunzi amekuja na gari kutoka Bungoma, amelala kwa rafiki siku mbili akingoja mtu wa michezo ambaye ameenda matanga. Geuzeni: badala ya kila ofisi kuthibitisha kwamba mtu hadaiwi, kila ofisi iandike anayedaiwa siku ile deni linatokea, kwa orodha moja ambayo fedha na msajili wanaiona. Ambaye hayuko kwa orodha, anaondoka. Ofisi ikisahau kuandika kitabu kilichopotea, hasara ni ya ofisi. Litakuwa na kelele hilo, hasa kutoka kwa wakuu wa idara ambao saini ilikuwa inawapa ukubwa, na ndio maana lazima litoke kwa mkuu wa chuo mwenyewe, kwa barua, si kwako.

Ukitaka mfano wa huku kwetu si lazima uende mbali. Mosoriot, hiyo barabara ya kutoka Eldoret kuenda Kapsabet, kuna kituo cha afya kilichoanza kuweka rekodi za wagonjwa kwa kompyuta mwezi wa Februari 2001, kazi ya watu wa Moi University na wenzao wa Indiana, Marekani. Hawakumpa daktari kompyuta. Waliacha fomu ya karatasi moja ya kila ziara ijazwe kwa mkono kisha iingizwe kwa kompyuta, na cha maana ni kwamba hiyo fomu moja iliondoa kazi ya kuandika kitu kile kile kwa rejista nyingi. Waliyoyaandika baadaye ni kwamba muda wa mgonjwa kukaa kituoni ulipungua kwa asilimia 22, na wafanyikazi wakapata muda zaidi wa mambo yao binafsi, ambayo mimi naona si mbaya, tuwe wakweli. Programu yao ilikuwa ya Access, ile ya Microsoft ya kuhifadhi data, ya kawaida kabisa. Kutoka kwa kazi ya hao watu wa Eldoret na Indiana ndipo 2004 OpenMRS ikaanza, programu ya rekodi za wagonjwa ambayo leo inatumika nchi nyingi na ni ya bure. Watu wakisikia hii hadithi wanashika hapo kwa programu. Mimi nashika kwa zile rejista zilizofungwa. Mkinunua sistimu na zile kaunta buku zibaki zikiandikwa "just in case" kama mnavyopenda kusema, mmeongeza rejista moja, hamjapunguza.

Kwa hivyo mpango wa siku ya kuhamia uwe na tarehe ya kufunga vitabu. Kuendesha zote mbili pamoja ni mwezi mmoja, ikizidi sana miwili, baada ya hapo Excel inabaki ya kusoma tu. Na kabla ya kuingiza deni lolote, chapisheni taarifa ya karo ya kila mwanafunzi, mpe, mpe wiki mbili aje na risiti zake abishane. Hii kazi inachosha na fedha wataipinga, wataogopa risiti feki, na kweli zitakuja chache. Lakini deni lisilo sahihi likishaingia kwa kompyuta linaonekana kama ukweli, na kulitoa ni shida mara tatu. Msifanye haya Septemba wala Januari, foleni ya wanafunzi wapya ikiwa imefika barabarani.

Ya kwanza kuhamisha ni karo, ifuate usajili, halafu matokeo. Mishahara iacheni. Najua kampuni zitasema iko ndani, ni ya bure, lakini mambo ya makato yanabadilika kila wakati, angalia tu bima ya afya, SHIF ilivyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024 ikawa asilimia 2.75 ya mshahara, na kabla yake ada ya nyumba asilimia 1.5. Nunueni programu ndogo ya mishahara ya mtu anayefuatilia hayo kila siku, basi.

Pasiwadi. Hapa nitakaa kidogo juu ndipo taasisi zenye pesa zaidi yenu zilianguka. Mnakumbuka 2015, ile shilingi milioni 791 iliyoibwa NYS, Huduma ya Vijana kwa Taifa, sistimu ilikuwa IFMIS, ya serikali ya kusimamia fedha, ya mabilioni, na hadithi iliyotoka ni ya pasiwadi za maafisa kutumiwa na watu wengine. Kwenu itaanza kwa upole: keshia ameenda likizo ya uzazi, ameachia mwenzake pasiwadi kwa kipande cha karatasi chini ya kibodi. Mtu akienda likizo akaunti yake ifungwe na anayeshika nafasi apewe yake, hata kama ni kwa siku tatu. Anayeingiza malipo asiwe na uwezo wa kuyarekebisha, marekebisho yafanywe na mtu wa pili, na kila badiliko liache alama ambayo hata mtu wa kompyuta hawezi kufuta. Muulize kila kampuni swali hilo hilo: nani anaweza kufuta malipo bila kujulikana? Wakisema msimamizi mkuu wa sistimu, hapo kuna shimo.

Na sheria, juu najua matokeo ya wanafunzi huwa mnatuma kwa group ya WhatsApp ya darasa, karatasi nzima, majina na alama. Sheria ya Ulinzi wa Data ni ya 2019, inaendeshwa na Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, na mwaka 2023 shule moja Nairobi ilipigwa faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za watoto bila idhini ya wazazi. Chuo lazima kijisajili na hiyo ofisi, na data ikivuja kwa njia inayoweza kudhuru watu mna saa 72 za kuiarifu hiyo ofisi. Kwa sistimu mpya kila mmoja aone matokeo yake peke yake na hiyo group ibaki ya mambo ya timetebo.

Stima nitapita haraka: nchi nzima ilizima Agosti 2023, na huku Magharibi hatuhitaji nchi nzima. UPS, ile betri ya kushikilia kompyuta stima ikipotea, kwa kila dirisha la keshia, laini mbili za intaneti za kampuni tofauti, na kitabu cha risiti chenye namba kwa siku ambayo vyote vimekataa, kikae kwa sefu na kiingizwe kesho yake. Bakapu ikae nje ya Kisumu. Na mara moja kwa muhula mtu ajaribu kuirudisha kwa kompyuta tupu, juu bakapu ambayo haijawahi kurudishwa hamjui kama iko.

Kwa mkataba, bei iwe kwa shilingi. Walioweka sahihi kwa dola walijua ubaya wake mwanzo wa 2024 dola ilipofika karibu 160. Iandikwe kwamba data ni ya chuo na mnaweza kuitoa yote wakati wowote kwa mfumo unaofunguka kwa Excel, na wawaonyeshe ikitoka kabla mlipe, si waseme tu. Malipo ya mwisho, na yasiwe madogo, yangoje hadi mpokee kundi moja zima la wanafunzi wapya na mkaguzi wenu wa hesabu akubali. Kabla ya kusaini nendeni chuo kingine wanachohudumia, mkifika msikae kwa ofisi ya mkuu mkinywa chai, tafuteni keshia.

Umeuliza muanzie wapi. Namba mpya na Paybill ziwashwe kampasi zote siku moja, hizo haziwezi kugawanywa. Lakini usajili na matokeo anzeni Busia ama Siaya, yenye wanafunzi wachache, na si kwa sababu ni ndogo tu bali huko msimamizi wa kampasi anaweza kutembea kutoka dirisha moja hadi lingine na kujua kila mtu kwa jina, kosa likitokea saa tatu linajulikana saa nne. Mpeleke huko karani wenu wa Kisumu mwezi wa kwanza, mlipie nyumba na posho ya kawaida. Kisumu ifuate muhula wa pili, baada ya huo mtihani wa kwanza wa kampasi ndogo kuisha na malalamiko yake kuhesabiwa.